Umri wa Jani la Mkonge na Manufaa ya Utomvu Wake



Yeyote aliyepita katika barabara itokayo Segera kwenda Tanga ameuona mkonge umesimama safu kwa safu hadi upeo wa macho, na aghalabu ameudhania kuwa ni mmea wa hali moja, wenye majani magumu na ncha kali, usiobadilika kiangazi wala masika. Nia yangu katika mhadhara huu ni kuonyesha ya kwamba mkonge hauna hali moja hata katika shina moja. Ya kwamba majani yake, ingawa yote yametoka katika kitovu kimoja, yamepitana umri kwa miezi na kwa miaka, na kwa kupitana huko yametofautiana pia katika vitu vilivyomo ndani ya utomvu wake. Na ya kwamba mtu atakaye kuupata utomvu huo kwa manufaa ya siha au ya kiwanda hana budi kuuliza umri wa jani kabla ya kuuliza jambo jingine lolote.

Mkonge ni mmoja katika jamii kubwa ya nabati ambayo wataalamu huiita agave, na asili ya jamii hiyo ni Meksiko na nchi zinazopakana nayo, ambako imewapa watu chakula, kinywaji, kamba na dawa tangu kabla ya Wahispania kutia nanga huko. Kwetu uliletwa mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf, aliyeagiza miche kutoka Florida. Na katika shehena yote hiyo iliyosalimika safarini ilikuwa miche 62 tu, ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo akali yakatoka mashamba ya Tanga, ya Morogoro na kwingineko, hata ikafika mwaka 1964 nchi ikatoa takriban tani 230,000 za singa. Hesabu hiyo tumeisoma vitabuni na tumeisikia mara nyingi, na ni haki tuione fahari. Lakini ni hesabu ya singa peke yake, na singa ni sehemu ndogo mno ya jani: katika tani moja ya majani mabichi yanayoingia korona, yaani mashine ichambuayo singa, singa kavu inayotoka ni kama kilo 40 hivi. Zilizobaki, kilo 960, ni maji na nyama ya jani na utomvu, navyo kwa miaka mingi vilisukumwa kwenye mifereji na kutoka mifereji vikaingia mitoni, vikiua samaki na kuwakosesha maji watu wa bondeni.

Basi na tuutazame utomvu huo kwa karibu. Likate jani, liponde kwa jiwe, ukamue maji yake katika chupa nyembamba, kisha uitikise chupa kwa nguvu: utaona povu jeupe limepanda mpaka shingoni, nalo halitulii upesi kama povu la maji ya kawaida, bali hukaa. Onja kidogo tu kwa ncha ya ulimi nawe utakuta uchungu wa kukwaruza koo. Wakata mkonge wanajua pia muwasho wake, maana utomvu ukirukia mkono au shingo ngozi huwasha na kuvimba, na sehemu ya muwasho huo hutokana na vijisindano vya chumvi ya oksaleti vilivyomo ndani ya nyama ya jani, vidogo visivyoonekana kwa jicho tupu. Povu na uchungu ni kazi ya vitu viitwavyo saponini. Kila chembe ya saponini ina pande mbili zilizoungana: upande mmoja ni sukari, ipendayo maji, upande wa pili ni kiini kizito chenye pete kadha za kaboni, kisichopenda maji, na kiini hicho ndicho kiitwacho sapojenini. Ukizichemsha saponini pamoja na asidi, sukari hukatika ikaenda zake, ikabaki sapojenini. Mmea haukuumba vitu hivi kwa ajili yetu. Ni silaha yake dhidi ya ukungu, wadudu na wanyama walao majani, na mmea, kama ilivyo kwa kila mwenye silaha haba, hauigawi sawasawa kila mahali na kila wakati.

Thamani ya sapojenini ya mkonge ilijulikana kwa sababu ya maradhi ya viungo. Mwezi wa Septemba 1948, katika Kliniki ya Mayo huko Marekani, tabibu Philip Hench na wenzake walimpa mgonjwa wa baridi yabisi dawa iliyokuwa ngeni kabisa, kortizoni, na mtu aliyekuwa hawezi kuinuka kitandani akaanza kutembea baada ya siku chache. Habari hiyo ilipotangazwa mwaka uliofuata dunia nzima iliitaka dawa hiyo, nayo haikuwapo ila kwa gramu, kwani ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe kwa hatua zaidi ya 30 za kikemia. Ndipo wanakemia walipoanza kuizunguka dunia wakitafuta mmea wenye kiini kinachofanana na kortizoni. Mmarekani Russell Marker alikuwa amekwisha kuonyesha, katika viazi vya mwituni vya Meksiko, kwamba sapojenini ya mmea yaweza kugeuzwa homoni. Na yeye huyo ndiye aliyeipa jina hekojenini, sapojenini ipatikanayo katika jamii ya agave. Mwaka 1951, huko Uingereza, wanakemia Callow, Cornforth na Spensley walitangaza kwamba takataka za mkonge zaweza kuwa chimbuko la hekojenini. Huyu Cornforth ndiye aliyepata baadaye, mwaka 1975, Tuzo ya Nobel ya kemia. Kampuni ya Glaxo ikaishika njia hiyo, na kwa muda wa miaka mingi utomvu wa mkonge wa Afrika Mashariki, ukiisha kuchachushwa, kupikwa kwa mgandamizo na kukaushwa ukawa unga, ulikuwa ukipakiwa melini kwenda kufanywa dawa za jamii ya kortizoni, zikiwamo zile za kupaka ngozi zenye betamethasoni.

Naomba mnivumilie nieleze ni kwa nini hekojenini ilipendwa kuliko nyingine, maana hapo ndipo lilipo fungu la maneno yangu. Wanakemia wamezipa namba kaboni zote za kiini hiki, na katika kortizoni ipo atomu moja ya oksijeni juu ya kaboni ya 11, ambayo bila yake dawa haifanyi kazi. Kuitia oksijeni mahali hapo, katika miaka ile, kulikuwa kazi ngumu kupita kiasi. Sapojenini ya viazi vya Meksiko haina oksijeni pale wala jirani. Hekojenini inayo juu ya kaboni ya 12, yaani mlango wa pili tu, na kuihamisha kutoka 12 hadi 11 ni jambo linalowezekana kwa gharama ya kadiri. Sasa ndani ya jani la mkonge imo sapojenini ya pili, iitwayo tigojenini, inayofanana na hekojenini katika kila kitu ila kwamba juu ya kaboni yake ya 12 hamna oksijeni. Kwa mnunuzi wa zama zile hiyo ya pili ilikuwa uchafu wa kuondolewa, tena mgumu kuondoka, kwa vile inafanana mno na mwenzake.

Na wanakemia walipoyachambua majani ya mkonge kwa umri, wakiweka machanga mbali na yaliyokomaa, waliona kwamba katika machanga tigojenini ina sehemu kubwa, na kadiri jani linavyokomaa hekojenini huzidi. Akili inalikubali jambo hilo kwa wepesi: mmea hujenga kwanza kiini kitupu, kisha, siku zikiendelea kupita, hukitia oksijeni. Atomu ile ambayo viwanda vya Ulaya viliitamani, jani hujipatia lenyewe kwa kuishi. Marker naye, pamoja na mwenzake, aliandika mwaka 1947 juu ya jinsi sapojenini zinavyozaliwa na kugeuka ndani ya agave na jamaa zake, akionyesha kwamba zile za mmea mchanga sizo zile za mmea uliofikia kutoa maua. Kwa hiyo mtu akisema tu kwamba «jani la mkonge lina hekojenini», amesema kweli, lakini ameacha nusu ya maneno.

Hapa inatupasa kupambanua, maana neno umri, katika mmea huu, lina mambo matatu ndani yake yasiyokwenda pamoja sikuzote. Kuna umri wa jani, tangu siku lilipojitenga na chipukizi la katikati. Kuna umri wa mmea, tangu siku ulipopandwa. Na kuna hatua ya maisha, yaani mmea umefika wapi katika safari ya kuelekea kwenye mlingoti wa maua, kwa kuwa mkonge hutoa maua mara moja tu kisha hufa, na mlingoti wake waweza kutokea mapema au kuchelewa kwa miaka kadha, kwa kadiri ya ardhi, mvua na ukataji. Jani changa katika mmea mkongwe si sawa na jani changa katika mche. Hili ndilo jambo linalosahauliwa na wengi wanaoandika kuhusu faida za agave. Husema «mmea wa miaka mitano», wakanyamaza, nawe hujui kama jani walilolipima lilikuwa limesimama katikati au limelala pembeni.

Mkata mkonge hasahau. Mtazame akiukabili mmea: chipukizi la kati limesimama wima kama mkuki, la kijani hafifu, majani yake yamefumbana, yanayofuata yamefunguka na kuinama kidogo, rangi imekolea, na unga wa nta umeyavaa, ya chini yamelala karibu na ardhi, mazito na manene, hata ukilipiga moja kwa ubapa wa kisu linatoa mlio wa kitu kigumu. Mmea hutoa, kwa wastani, kama majani 2 kwa mwezi, na kila jipya linapofunguka huwasukuma wakubwa wake chini, hivyo mwinamo wa jani ndio kalenda yake. Mkata huanzia chini, akapanda kwa mduara, akaacha majani ya juu yasiyopungua 20 ili mmea upate kuvuta pumzi. Huondoa miba, hufunga majani 30 kwa kila mzigo, huipanga mizigo kwenye njia ya trela. Elimu hii ya kusoma umri kwa jicho ilikuwapo mashambani kabla mtu yeyote hajalichunguza jani katika maabara, nayo imetumikia singa peke yake: jani likikatwa changa singa zake ni fupi na dhaifu, likicheleweshwa mno hukauka ncha. Bahati njema ni kwamba jani lililokomaa kwa singa limekomaa pia kwa hekojenini, na kwa hiyo viwanda vya zamani vilipata utomvu mwema bila kuusumbukia. Bahati hiyo haina hakika ya kudumu kwa kila kitu kingine tutakachokitafuta ndani ya jani.

Maana vitu vyenye manufaa si sapojenini tu. Majani ya agave yana pia vitu vya jamii ya fenoli, kama vile kemferoli na kwesetini zilizofungamana na sukari, ambazo watafiti wanazitazama kwa uwezo wake wa kuzuia vitu kuharibiwa na oksijeni. Na yana nta juu ya ngozi, ambayo huongezeka unene kwa kukabiliwa na jua. Kila kimoja kina mwenendo wake. Aghalabu mimea huweka fenoli kwa wingi katika sehemu changa zilizo laini, ambazo adui huzipenda zaidi, na si jambo la ajabu kukuta jani lililo bora kwa kitu kimoja kuwa dhaifu kwa kingine. Ndiyo maana sikubali usemi wa jumla kwamba mmea mkongwe una dawa zaidi. Dawa ipi? Na kwa kipimo gani?

Suala hili la kipimo limewapoteza watu wengi, nami nataka niliseme waziwazi. Jani changa limejaa maji kuliko jani pevu. Ukipima saponini kwa uzito wa jani bichi, waweza kuliona jani pevu limelishinda changa, kumbe tofauti yote ni maji. Ukiyakausha yote mawili ukapima upya, hukumu yaweza kugeuka. Tena, mtu mwenye kiwanda haulizi asilimia peke yake, huuliza wingi unaotoka katika jani zima, na jani pevu kwa kuwa ni zito laweza kutoa kingi hata kama asilimia yake ni ndogo. Hekojenini yenyewe, kwa mfano, katika tani moja ya majani mabichi haizidi kilo moja, na mara nyingi huwa chini sana ya hapo. Katika kiasi kidogo namna hiyo, kosa la kupima maji humeza ukweli wote. Aongezaye hapo kulaza majani juani siku mbili kabla ya kuyapeleka korona, ambako uchachu huanza kula sukari za saponini, hupima kitu kingine kabisa.

Huko Meksiko umri umeheshimiwa kwa namna nyingine. Katika jimbo la Jalisco, agave ya buluu ya kutengenezea tekila huachwa miaka 6 hadi 8, kisha majani yote hukatwa yakaachwa chini, ukachukuliwa kitovu peke yake, ambamo mmea umeweka akiba ya sukari ziitwazo fruktani. Wao wanatupa jani, sisi tunatupa kitovu. Watafiti wao wameonyesha kwamba mmea mchanga wa miaka 2 una sukari nyepesi na fruktani fupi kwa wingi, na kadiri mmea unavyoendelea minyororo ya fruktani hurefuka na kuwa na matawi. Fruktani hizo haziyeyushwi na tumbo la mwanadamu, bali hufika chini na kuwa chakula cha vijidudu vyema vya utumbo, na urefu wa mnyororo ndio unaoamua zitachachuka upesi au polepole. Basi hapa nako umri wa mmea umekuwa sehemu ya dawa. Wenye kugema utomvu mtamu wa agave kubwa wa kufanyia pulke, kinywaji cha kale cha nyanda za juu za Meksiko, hungojea hata mmea unapokaribia kutoa mlingoti, wakaung'oa moyo wake, na sukari iliyokuwa ikipanda kwenda kulisha maua ikajaa katika shimo lililochimbwa. Wakichelewa, mlingoti hunyonya kila kitu na kitovu hubaki mtupu.

Nawarudisha Tanga kwa sababu hapo ndipo penye deni. Utukufu wa hekojenini haukudumu. Mwaka 1952 wanasayansi wa kampuni ya Upjohn huko Marekani walitangaza kwamba ukungu wa aina ya Rhizopus waweza kuitia oksijeni juu ya kaboni ya 11 kwa hatua moja tu, na tangu hapo hata kiini kisicho na oksijeni kikawa mali. Kisha zikaja nyuzi za plastiki, bei ya singa ikaanguka, mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Lakini tazameni jinsi hukumu ya umri ilivyogeuka pamoja na nyakati: tigojenini, iliyokuwa uchafu, leo nchini China hukamuliwa kwa makusudi kutoka katika takataka za mkonge na kuuzwa kwa viwanda vya dawa. Na mkonge unaolimwa huko kwa wingi ni ule chotara namba 11648, uliozalishwa hapa kwetu katika kituo cha utafiti cha Mlingano, Ngomeni, kwa kuchanganya damu ya agave ya Amani na nyingine; mkonge wa kawaida hutoa majani 200 hadi 250 katika maisha yake yote, huu hutoa zaidi ya 600. Mtoto wetu anawafaa wengine kwa singa na kwa utomvu. Sisi bado tunamtazama kwa singa, ijapokuwa katika shamba la Hale takataka zake zimekwisha kutumika kuzalisha gesi na umeme, nami naihesabu hiyo kuwa hatua ya heshima.

Sineni haya ili mtu aende kukamua jani na kunywa. Utomvu mbichi wa mkonge huchoma koo na tumbo, na saponini zikiingia katika damu hupasua chembe zake nyekundu. Dawa ya kortizoni ilitoka mbali na utomvu kwa hatua nyingi, chini ya macho ya watu waliojua wafanyalo. Ninalolitaka ni la karibu zaidi na liko ndani ya uwezo wetu. Majani yanapofika korona yamekwisha kuchanganywa: ya ukataji wa kwanza, mmea ukiwa na miaka 2 au 3, yamelala pamoja na ya mmea wa miaka 8. Gharama ya kuyatenga ni ndogo, kwa sababu shamba hukatwa kipande kwa kipande, na kila kipande kina tarehe yake ya kupandwa katika daftari la bwana shamba. Chukueni utomvu wa kila kipande peke yake, kabla maji ya korona hayajauzimua. Andikeni mwaka wa kupandwa, mzunguko wa ukataji, aina ya mkonge, mwezi wa mvua au wa ukame. Kausheni kabla ya kupima. Na katika kila kipande tengeni majani ya mimea iliyokwisha kutoa mlingoti, yale mafupi ya mwisho ambayo wakata mkonge huyachukua yote pamoja wanapolisafisha shamba, kwa kuwa hayo ni majani ya mmea uliokwisha kupeleka sehemu kubwa ya akiba yake juu, nayo yakichanganywa na mengine huharibu hesabu ya shamba zima.